Mtandao wa umeme katika mchezo wa wachezaji wengi

Katika mchezo wa kuiga ujenzi au viwanda, mtandao wa umeme ni kundi la vifaa vyote vinavyofikiana kwa waya: jenereta, betri, nguzo, swichi zilizowashwa na mashine zinazokula umeme. Nguzo mbili zisizofikiana ni mitandao miwili, hata zikisimama bega kwa bega. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo kwa wachezaji wote, hupigia hesabu kundi hilo zima, si waya mmoja mmoja.

Wabunifu wengi huanza kwa kutaka kuiga volti, ampea na ukinzani wa kila waya. Ni kazi nzito ambayo mchezaji haioni. Yeye anataka kujua kama umeme unatosha, na usipotosha nani anapungukiwa. Isipokuwa mchezo wenyewe unafundisha ufundi wa umeme, ishia kwenye nishati.

Seva inayopiga tiki 20 kwa sekunde, tiki ikiwa ni mzunguko mmoja wa hesabu za mchezo, huipa kila tiki sekunde 0.05, kwa hiyo jenereta ya kilowati 60 hutoa jouli 3,000 kwa tiki. Pita vifaa mara mbili: kwanza jumlisha uzalishaji na mahitaji, kisha gawa. Mahitaji yakiwa kilowati 1,000 na uzalishaji 800, uwiano ni 0.8, mashine ya kilowati 10 iliyohitaji jouli 500 hupata 400 na kwenda kwa asilimia 80 ya kasi yake. Ukipita mara moja tu, kila mashine ikijichotea zamu yake inapofika, za mwanzo wa orodha hushiba na za mwisho hukaa gizani. Mchezaji aliyejenga mwisho atadhani ameonewa, na kwa kweli ameonewa.

Vyanzo navyo vina foleni: jua na upepo kwanza kwa kuwa visipotumika vinapotea bure, halafu jenereta za mafuta, betri mwisho. Factorio, mchezo wa kujenga viwanda, hufuata mpangilio huo.

Tumia namba kamili za biti 64 kwa jouli, si desimali. Ikiwa kompyuta za wachezaji nazo zinapiga hesabu hiyo hiyo, tofauti ndogo ya desimali hukua hadi dunia zao zikaachana. Ni salama zaidi seva peke yake iamue.

Kuunganisha mitandao miwili ni rahisi: mdogo humezwa na mkubwa. Kukata waya ndiko kwenye kazi, maana hujui kama kuna njia nyingine ya kuzunguka. Anza msako kutoka ncha zote mbili za waya uliokatwa, hatua moja huku, moja kule. Misako ikikutana, mtandao bado ni mmoja. Mmoja ukiisha njia bila kukutana na mwingine, hicho ndicho kipande kipya. Kipe namba yake na uache upande wa pili ulivyo. Usikague dunia nzima kwa ajili ya nguzo moja.

Hapo ndipo wajanja hupenya. Nishati ya betri ikiandikwa kwenye mtandao badala ya betri yenyewe, mgawanyo uliopangwa vibaya huvipa vipande vyote viwili akiba ile ile, na mtu atakata na kuunga waya mpaka awe na umeme usioisha. Iandike kwenye betri.

Hatari nyingine ni kuporomoka. Umeme ukipungua, mashine inayolisha makaa kwenye tanuri hupunguza mwendo. Tanuri hupoa, umeme hupungua zaidi, na mwishowe kila kitu husimama bila njia ya kujiwasha. Mpe mchezaji kilishio kisichotumia umeme, au ngazi za kipaumbele zinazotimiza mahitaji ya mitambo ya kuzalisha kabla ya taa na karakana.

Ukiweka mgao wa kuzima kundi zima la mashine, jihadhari na kuwaka-zima. Kundi likizimwa mahitaji hushuka, uwiano hupanda, kundi hurudishwa, umeme hupungua tena, tiki baada ya tiki. Rudisha kundi pale tu ziada inapotosha mahitaji yake yote na kubaki hivyo kwa sekunde 2 hivi, na urudishe moja moja.

Kwa upande wa data, usitume hali ya kila mashine. Namba ya mtandao kwa baiti 2, uwiano kwa baiti 1 na akiba ya betri kwa baiti 1 vinatosha. Mitandao 200 ikitumwa mara 4 kwa sekunde ni baiti 3,200 kwa sekunde kwa kila mchezaji, tena kabla ya kuacha ile ambayo haijabadilika.

Mwisho ni ruhusa. Waya wa mgeni ukiweza kushika nguzo yoyote, umeme utaibiwa usiku, wenye nguzo wakiwa nje ya mchezo. Dai kibali cha mwenye nguzo, na kati ya mitandao ya wachezaji wawili weka mita yenye kikomo cha kilowati, inayohesabiwa kama mzigo upande mmoja na chanzo upande wa pili. Itumie kilichopimwa tiki iliyopita, la sivyo mitandao miwili itasubiriana bila kikomo.