Eti rubani mzoefu hahitaji vyeti?

Ile meseji ya "leseni ni karatasi tu, rubani ni masaa" bado inazunguka kwenye magrupu na sio kweli jamani. Leseni yenyewe imebeba uzoefu ndani yake, maana kwa viwango vya kimataifa ile ya kepteni wa ndege kubwa za abiria inadai angalau masaa 1,500 ya kuruka, halafu hata ukiwa na masaa 10,000, kama cheti cha afya kimeisha muda au huna kibali cha aina ya ndege hiyo, huruhusiwi kuirusha. Watu wanachanganya kwa sababu matangazo ya kazi yanataja masaa sana, ila yanaongea na wenye leseni tayari. Masharti yapo kwenye tovuti ya mamlaka ya anga ya nchi yako, yasome, na hiyo meseji ikikufikia tena tafadhali usiiforwadi.