Mpini mrefu wa kuoshea madirisha na vali yake: dhana potofu na ukweli

Mpini unaopandisha maji hadi kwenye brashi humwezesha msafishaji kuosha dirisha la ghorofa ya pili au ya tatu akiwa amesimama chini, bila ngazi, na kwa sababu hiyo pekee unastahili kuchaguliwa kwa uangalifu. Hata hivyo, wanunuzi wengi hutazama namba moja tu, yaani urefu, na vali, yaani koki ndogo ya kufungulia na kukatisha maji, huiacha kabisa nje ya hesabu zao.

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba inafaa kununua mpini mrefu kuliko yote, kwa kuwa ukifupishwa utafanya pia kazi ya mfupi. Ukweli ni kwamba mpini haupindi kwa kadiri ileile unavyorefuka: ukiurefusha mara 2 bila kuuongezea unene, mzigo uleule kwenye ncha utaupindisha mara 8. Brashi huanza kuyumba mbele ya kioo, na nguvu ambayo ingetumika kusugua hutumika kuituliza. Tena, mpini wa vipande vinavyoingiana ukifupishwa haupungui uzito, kwa sababu vipande vyote bado vimo ndani, na msafishaji hubeba mzigo wa ghorofa ya nne anapoosha dirisha la chini. Ni heri kupima kwanza. Dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 9 kutoka ardhini, ukisimama mita 2 kutoka ukutani na kushika kitako cha mpini kwenye usawa wa kiuno, linahitaji mpini wa mita 8 na ushei. Mpini wa mita 9 unalitosha. Wa mita 15 ni adhabu ya bure kwa mabega. Muulize pia muuzaji kama urefu alioandika ni wa mpini wenyewe au amejumlisha na kimo cha mtu anayeushika, kwa maana wapo wanaojumlisha.

Wengine husema kwamba kinachoulemea mpini ni maji yaliyo ndani ya mpira unaoyapandisha hadi kwenye brashi. Mpira wenye tundu la milimita 5 hubeba chini ya gramu 300 za maji katika urefu wa mita 15. Mkono huchoshwa zaidi na kile kilichoko nchani, yaani brashi na kiungo chake, kwa hiyo brashi nyepesi huleta nafuu kubwa kuliko wanunuzi wanavyotarajia.

Dhana ya hatari kuliko zote inahusu umeme. Inajulikana kwamba alumini hupitisha umeme, lakini si kila mtu anajua kwamba nyuzi za kaboni, zinazosifiwa kwa wepesi na ukakamavu, nazo hupitisha. Hapo ndipo wengine hukimbilia faibaglasi wakiamini kwamba imewakinga. Faibaglasi kavu huzuia umeme. Mpini uliolowa ndani na nje, wenye vumbi na uchafu wa ukutani, si wa kuaminiwa. Katika mitaa yetu, nyaya za kilovolti 11 na 33 hupita karibu kabisa na maduka ya ghorofa, na hazina ganda la kuzuia umeme. Simama mahali ambapo mpini, hata ukianguka ukiwa umerefushwa wote, hautaufikia waya. Mahali hapo pasipopatikana, kazi hiyo isifanywe kwa mpini wa aina yoyote.

Kuhusu vali, wengi huiona kuwa pambo, wakisema kwamba koki ya ukutani au swichi ya pampu inatosha. Lakini brashi hutumia takriban lita 2 kwa dakika, na tangi la mgongoni la lita 20 huisha ndani ya dakika 10. Kila unapohama dirisha, kurefusha mpini au kumpisha mpita njia, maji yanaendelea kumwagika. Vali ya robo mzunguko iliyofungwa kwenye mpira, karibu na kitako cha mpini, hukatisha maji bila mtu kuondoka alipo. Angalia tundu lake la ndani: likiwa jembamba kuliko la mpira, maji yatabanwa hata vali ikiwa wazi kabisa. Inafaa pia iwe na viungo vya kuchomoa kwa haraka, ili mpini utengane na mpira wakati wa kufungasha vifaa.

Si kweli pia kwamba vali inaweza kufungwa kwenye pampu yoyote. Pampu isiyojizima shinikizo linapopanda itaendelea kusukuma dhidi ya vali iliyofungwa hadi kiungo kimoja kichomoke. Hakikisha ina swichi ya shinikizo, na usiache mpira uliojaa na kufungwa ukiwa juani, kwani plastiki iliyopata joto hulegea kwenye maungio.

Wapo wanaodhani kwamba tangi lililo juu ya mnara litaondoa haja ya pampu. Maji hayapandi yenyewe kupita usawa wa tangi. Tangi lililo mita 6 juu halitalisha brashi iliyo mita 10. Kwa kila mita 10 za kupanda huhitajika takriban baa 1 ya shinikizo, kabla hata ya kuhesabu msuguano ndani ya mpira. Zaidi ya hapo, kuongeza shinikizo hakusafishi kioo. Kinachosafisha ni nywele za brashi, kisha maji ya kusuuza.

Maji yenyewe hayana budi kuwa yameondolewa chumvi. Matone ya maji yenye miligramu 300 za madini kwa lita, ambayo ni salama kunywa, hukauka na kuacha madoa meupe. Mafundi hutaka madini yasizidi miligramu 10 kwa lita, nayo hupimwa kwa kifaa kidogo cha mkononi. Visima vingi vya pwani vina chumvi nyingi mno kwa chujio la rezini, yaani punje zinazonasa chumvi, peke yake, kwa hiyo maji hupitishwa kwanza kwenye chujio la utando. Rezini huchakaa kwa kila lita inayopita, iwe imefika kiooni au imemwagika chini kwa kukosa vali.