Majaribio ya dawa ya vyuo vikuu: ukiombwa kujitolea, unaombwa nini hasa?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Kigoma yanapita sana matangazo ya aina hii: chuo kikuu fulani Dar kinatafuta watu wa kujitolea kwenye utafiti wa dawa, umri miaka 18 hadi 45, afya njema, nauli italipwa. Chini yake watu wanagawanyika, wengine wanauliza wanatoa shilingi ngapi, wengine wanasema hao ni mumiani wanatafuta damu, na hakosekani mmoja anayeuliza kama akienda atatibiwa presha yake bure. Nadhani wote hao wana haki ya kupata jibu lililonyooka, maana hili jambo ni kubwa na linahusu miili yetu.

Jaribio la dawa ni utafiti unaofanyika kwa binadamu ili kupata jibu la swali ambalo hata madaktari wenyewe hawana jibu lake bado. Dawa mpya inafanya kazi kuliko ya zamani? Chanjo hii inakinga kweli? Dozi ya siku tatu inatosha au lazima zifike saba? Kama jibu lingekuwa linajulikana wasingekuwa na haja ya kukuita, wangekuandikia tu ukachukue dirishani. Hapo ndipo wengi tunapopotea, mtu anaona koti jeupe, anaona kipimo, anapewa kidonge, basi anajua ameenda kutibiwa. Hapana jamani. Ukienda hospitali ya Maweni na homa, anachofikiria daktari ni wewe upone basi. Kwenye utafiti analazimika kukulinda ndio, na akizembea anawajibika, ila kilichomuweka pale ni kutafuta jibu litakalowafaa watu wengine baadaye, na wewe unaweza ukafaidika au usifaidike kabisa. Mtu akikuahidi kwamba ukijiunga utapona, huyo hajakwambia ukweli na ni sababu tosha ya kuondoka.

Sasa kwanini wasitumie tu uzoefu wa madaktari? Kuna mfano mmoja kila nikiufikiria unanigusa. Kwa miaka mingi mtoto akiletwa hospitali na homa kali, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri, mafundisho yalikuwa ni kummiminia maji ya dripu mengi na kwa haraka, na karibu kila mtu aliamini hivyo. Watafiti wakalipima hilo Uganda, Kenya na hapa Tanzania, kwa watoto 3,141. Kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa haraka, ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa kama 10 na nusu hivi, na wale ambao hawakumiminiwa haraka walikufa 7.3 kwa kila 100. Yaani jambo lililofanywa kwa nia ya kuokoa ndilo lililokuwa linaongeza vifo, na hakuna daktari mmoja peke yake wodini ambaye angeweza kuligundua, kwa sababu watoto wanaofika katika hali ile wengine hufa hata ufanye nini. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake na matokeo yakatoka 2011. (Naomba nisieleweke vibaya, mtoto aliyeharisha mpaka akaishiwa maji dripu ni uhai wake, watoto wa namna hiyo hawakuwa kwenye ule utafiti, kwahiyo usije ukamzuia daktari.)

Na wale wanaokumbuka kwinini, ile ya kuwekewa kwenye dripu masikio yanavuma, leo mtoto akilazwa na malaria kali Kasulu au Uvinza anachomwa sindano ya artesuneti. Hilo nalo halikutoka hewani. Utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9 na waliopewa artesuneti asilimia 8.5, matokeo yalitoka 2010. Nyuma ya sindano hiyo kuna wazazi ambao walikaa na mtoto mahututi na bado wakakubali awe kwenye utafiti.

Kuna kitu kimoja ukikielewa mengine yote yanafunguka, nacho ni kulinganisha. Mkulima wa Kasulu akiletewa mbegu mpya ya mahindi hawezi kuipanda bondeni penye rutuba halafu ya zamani aipande mlimani kwenye kokoto, kisha aseme mpya imezidi, lazima shamba liwe moja. Kwa watu ni hivyohivyo, kunakuwa na kundi linalopata dawa mpya na kundi linalopata dawa iliyozoeleka, au kama ugonjwa huo hauna dawa, kidonge kisicho na dawa ndani kinachofanana na chenye dawa. Nani aende kundi gani ni kura, mara nyingi inapigwa na kompyuta, daktari hachagui na wewe huchagui. Mara nyingi hata hamjui mpo kundi gani, wewe na huyo anayekupima wote, namba tu ndio zinajua, kwa sababu mtu akijua amepata dawa mpya anaweza akajisikia nafuu kwa kuamini tu, na daktari naye akijua anaweza akaona nafuu ambayo haipo. Ukipata tatizo la hatari ile siri inafunguliwa ili utibiwe. Wapo wanaoona kumpa mtu kidonge kitupu ni kumdanganya. Ingekuwa udanganyifu kama usingeambiwa, lakini unatakiwa uambiwe kabla ya kusaini kwamba inawezekana ukaangukia huko, halafu uamue mwenyewe.

Majaribio yanaenda kwa hatua. Ya kwanza ni watu wachache, makumi tu, mara nyingi wazima kabisa, hapo wanaangalia usalama na dozi. Ya pili mamia ya watu, ya tatu inaweza kufika maelfu, na hata dawa ikishaingia madukani bado inafuatiliwa. Ukisikia tangazo la dawa, sio chanjo, linataka watu wenye afya njema, uwezekano mkubwa ni hatua ya kwanza, na ndiyo hatua ambayo dawa haijulikani vizuri kwenye mwili wa binadamu, kwahiyo ulizia mara mbili. Chanjo ya malaria ya R21, ambayo Chuo Kikuu cha Oxford kiliitengeneza na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2023, hatua yake ya tatu ilikuwa na watoto kama 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, huku kwetu ilikuwa Bagamoyo. Bagamoyo hiyohiyo vijana wa kiume 30 wa Kitanzania waliwahi kukubali kuchomwa sindano, 24 kati yao zenye vimelea hai vya malaria na sita maji ya chumvi tu, wakafuatiliwa kwa karibu na walioonekana na vimelea wakatibiwa, ili watafiti wapate njia ya haraka ya kupima chanjo. Mtu wa Kigoma anayeijua malaria vizuri ataelewa hao vijana walikubali nini.

Turudi kwenye damu, maana hofu ya mumiani sio ya kuibeza. Watu wameumizwa kweli na utafiti. Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa wakidhani wanatibiwa, penisilini ikapatikana na bado hawakupewa, waachwe waonekane ugonjwa unawafikisha wapi. Kanuni tunazozitegemea leo zimezaliwa na maovu kama hayo, yale ya madaktari wa Kinazi ndiyo yaliyoleta Kanuni ya Nuremberg ya 1947, kisha likaja Azimio la Helsinki la 1964. Kwahiyo anayeuliza damu yangu inaenda wapi anauliza swali halali kabisa na anatakiwa ajibiwe kwa heshima: itatolewa mililita ngapi (mililita 5 ni kama kijiko kimoja cha chai), mara ngapi, itapimwa nini, itahifadhiwa miaka mingapi, itasafirishwa nje au hapana. Yote haya yanatakiwa yawe yameandikwa.

Tanzania chuo hakiwezi kuamka tu kikaanza kujaribu dawa kwa watu. Inatakiwa ruhusa ya kamati ya maadili, na ya kitaifa iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, halafu kwa dawa na chanjo kuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima waridhie. Hawa wanaweza kulikataa jaribio au kulisimamisha katikati. Tangazo la kweli linataja chuo, linataja ruhusa na namba yake. NIMR ina kituo mpaka Tabora, kwahiyo ukiwa na mashaka uliza, sio lazima upande gari mpaka Dar. Na tangazo likikutaka utume hela ya usajili kwenye simu, huo ni wizi, utafiti halali haumtozi mshiriki hela ya kujiunga.

Kuhusu hela, utarudishiwa nauli, labda chakula na fidia ya muda uliopoteza kazini, na kamati inaangalia kiwango kisiwe kikubwa mpaka mtu akafumbia macho hatari. Kama shida ya ada ya mtoto ndiyo pekee inayokusukuma kwenda, kwa maoni yangu ngoja kwanza, maana ukiwa na shida hiyo utakuwa unaficha vidonda vyako vya tumbo au dawa unazokunywa ili usikatwe kwenye usajili, na hapo ndipo watu wanaumia. Kukatwa wakati wa vipimo vya mwanzo ni kawaida, wengi wanarudishwa.

Fomu ya ridhaa inatakiwa iwe kwa Kiswahili unachokielewa, nakala moja ubaki nayo. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye mtu wa watafiti, ndipo anaweka dole gumba. Mtoto anasainiwa na mzazi au mlezi, ila akishakuwa na akili ya kuelewa naye anaulizwa. Mwanamke anasaini mwenyewe, hata kama nyumbani baba ndiye aliyeambiwa kwanza, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu huku kwetu mara nyingi ndoa inajibu kwa niaba ya mke. Hulazimiki kusaini siku hiyohiyo, beba fomu nyumbani, muonyeshe nesi unayemwamini. Na kujitoa unaruhusiwa siku yoyote bila kutoa sababu, bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida, ila waambie maana kuna dawa hazikatwi ghafla.

Sisi wa huku tuna swali la ziada ambalo fomu nyingi za Dar hazilifikirii, nalo ni umbali. Ukishapewa dawa ukarudi Kibondo, usiku wa tatu ukavimba uso, unampigia nani, nani anakupokea pale wilayani, daktari wa pale atajuaje umekunywa nini wakati hata wewe unaijua kwa namba tu, na gari la kukufikisha hospitali kubwa analipa nani? Uliza hayo kabla ya kusaini, dai waandike majibu, wakupe kadi ya mshiriki ya kutembea nayo. Kwenye fomu huwa kuna namba mbili za simu, moja ya mtafiti na nyingine ya kamati ya maadili. Jaribu zote mbili ukiwa bado umekaa palepale mbele yao, uone kama zinapokelewa.