IBM MQ: kurudi toleo la zamani si kusakinisha upya tu

Mafundi wengi hujipa moyo: toleo jipya la IBM MQ (programu ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo ya kompyuta) likisumbua, tutaliondoa na kusakinisha la zamani. Kwenye Linux na Windows mambo hayaendi hivyo. Meneja wa foleni (queue manager, sehemu ya MQ inayotunza foleni za ujumbe) akiwashwa mara moja tu chini ya toleo jipya, data yake huhamishiwa huko, na toleo la zamani hukataa kumwasha. Njia ya kurudi ni nakala iliyochukuliwa kabla, meneja akiwa amezimwa: data pamoja na logi (kumbukumbu za mabadiliko yake). Hata hiyo haina ujumbe ulioingia baadaye, na kwa benki huo ni miamala ya watu. Viraka vidogo visivyobadilisha kiwango cha amri (command level, namba inayoonyesha uwezo wa toleo) huondolewa bila taabu.