Kitufe cha "Yes" kimefifia? Usikimbilie kupiga window

Wiki iliyopita kaja dada mmoja hapa kibandani, anatunza hesabu za vikoba vitatu, laptopu kaikumbatia utadhani mtoto mwenye homa. Anasema kaka, nimenunua printa, kila nikitaka kuweka draiva, ile programu ya kuiendesha, inaniuliza kama naruhusu, nikitaka kubonyeza ndiyo inakataa. Fundi wa kwanza alishamwambia hapo dawa ni moja tu, kupiga window upya, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows mpya, akamuuliza bekapu anayo. Hana. Ndo akakimbia nayo.

Nikabonyeza ile draiva mwenyewe nione. Skrini ikafifia, kidirisha kikatokea, "No" inabonyezeka vizuri, "Yes" ya kijivu, na katikati hakuna hata kisanduku cha kuandikia paswedi. Hapo ndo penye jibu lote. Kama shida ingekuwa paswedi, Windows ingekutajia jina la admini, yule mwenye mamlaka juu ya mashine, halafu ikuombe paswedi yake, lakini isipotaja jina la mtu yeyote ujue imezunguka nyumba nzima kumtafuta bosi na hakuna. Akaunti zote zilizo hai ni za Standard, zile za kawaida zisizo na mamlaka ya admini.

Nani kagusa hii mashine? Akacheka. Mpwa wake. Dogo aliangalia video inasema sio salama kutumia akaunti ya admini kila siku (na ni kweli, hapo simlaumu), basi akaiamsha ile akaunti inaitwa Administrator inayokuja ndani ya Windows, akaingia nayo, akaishusha akaunti ya mama mdogo wake iwe Standard, halafu ili aache pasafi akaizima tena ile Administrator. Ukienda kawaida kwenye Control Panel ukajaribu kujishusha wakati wewe ndo admini pekee inagoma, ila yeye kila hatua aliyopiga kulikuwa na admini mwingine yupo macho, mpaka ile ya mwisho.

Sasa ile Administrator haijafutwa, imelala tu. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 ndo inavyokuja, imezimwa. Na Microsoft waliacha mlango mmoja ambao mafundi wengi hawaujui: kama kompyuta ni ya mtu binafsi, haijaungwa kwenye mtandao wa ofisi ule wa domeni, na hakuna admini mwingine yeyote aliye hai, ukiingia Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, ile Administrator iliyozimwa inakubali kuingia. Akiwepo admini hata mmoja ambaye hajazimwa, mlango haufunguki, kwahiyo kama umesahau tu paswedi ya admini uliyenaye hii haikuhusu.

Kabla sijagusa kitu nikamwambia dada fungua akaunti yako ya Microsoft kwenye simu, tafuta recovery key, ule ufunguo wa dharura wa hii mashine. Laptopu nyingi za miaka hii diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila mwenyewe kujua, na ukianza kuchezea namna inavyowaka inaweza kukudai ile key, tarakimu 48, na usipokuwa nayo umejifungia nje kweli kweli. Yake ilikuwepo, tukaiandika nyuma ya risiti ya printa. Na ilidaiwa kweli, nikaiingiza yote, nikakosea mara moja.

Njia yenyewe ni fupi. Kwenye skrini ya kuingilia unashikilia Shift huku unabonyeza Restart, unaenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, inazima na kuwaka, unabonyeza 4. Ikarudi na maandishi ya Safe Mode kwenye kona nne na jina la Administrator limekaa pale. Dogo hakuwa ameiwekea paswedi, tukaingia bure. Nikafungua Command Prompt, kile kidirisha cha kuandika amri, nikaandika kwanza net user nione majina, maana ukiwa umeanzisha mashine kwa imeili mara nyingi Windows inachukua herufi 5 za mwanzo tu za imeili, ukiandika jina zima inakwambia hamjui. Halafu:

net localgroup Administrators jina /add

Jina hapo ni lile ulilolisoma kwenye orodha. Dakika haikuisha.

Kuna mtego mmoja nauona sana. Mtu anafungua Command Prompt ya kwenye ile menyu ya Troubleshoot, anaandika net user administrator /active:yes, inamjibu imefanikiwa, anawasha mashine hola. Angalia mwanzo wa mstari, pameandikwa X:\Windows\System32. Hiyo X sio diski yako, ni kiwindows kidogo cha dharura kinachoishi kwenye RAM, kumbukumbu ya muda tu, umeamsha Administrator wa huko, ukizima kompyuta anaondoka nacho. Na ule ujanja wa zamani wa kubadilisha faili la utilman ili Command Prompt ifunguke kwenye skrini ya kuingilia nimeshaachana nao, Defender, mlinzi wa Windows dhidi ya virusi, siku hizi anauona kama shambulio, na hakosei sana.

Kingine kwa mafundi wenzangu: uliza mashine ni ya nani. Ikiwa ya ofisini, au mtu anajiumauma kueleza kaipata wapi, mrudishie.

Tulivyorudi Windows ya kawaida nikatengeneza akaunti ya pili ya admini yenye paswedi yake, hiyo ndo itakuwa bosi, halafu yeye nikamrudisha Standard kama dogo alivyotaka. Draiva ya printa tukaijaribu tena. Safari hii kisanduku cha paswedi kilikuwepo, na "Yes" inabonyezeka. Akachapa ukurasa mmoja wa marejesho ya kikoba, akaukunja akautia kwenye pochi, akauliza, "Na fundi yule angenifutia hivi vyote?"

Angevifuta, dada.