Saketi za kuchapwa karatasini: yanayosemwa na yaliyopo

Saketi hizi ni njia za umeme zinazochapwa kwenye karatasi kwa printa, kwa wino wenye chembe za fedha (madini, si pesa). Haya ndiyo watu husema kuzihusu.

"Karatasi itaungua, maana fedha haiyeyuki bila moto mkali."

Kweli, kipande cha fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi. Ila ndani ya wino fedha iko katika chembe za kiwango cha nanomita, na chembe ndogo hivyo huungana kwa joto dogo, nyingine kwa kemia tu. Mwaka 2013 Yoshihiro Kawahara wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake wa Microsoft Research na wa chuo cha Georgia Tech cha Marekani walijaza wino wa aina hiyo kwenye katriji za printa ya kawaida ya nyumbani. Mistari ilipitisha umeme ndani ya dakika moja hivi, bila tanuri.

"Basi karatasi ya fotokopi inatosha."

Haitoshi. Nyuzi zake hunywa wino, chembe zinatawanyika. Mstari unapendeza kwa macho lakini mita ya umeme haisomi kitu. Inatakiwa karatasi ya picha, ile inayong'aa. Na printa ya leza isahau, hiyo inatumia unga.

"Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, kwa hiyo saketi hii ni bora kuliko bodi ya saketi ya kawaida yenye njia za shaba."

Hili ndilo linalopoteza watu wengi, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Tabaka la wino ni jembamba mno, na chembe zake zimeungana pale zinapogusana tu, hazikuwa kitu kimoja. Chukua mstari wenye upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10. Kwa wino ule wa 2013 unapata ukinzani wa omu kama 20. Kwa shaba ya bodi ya kawaida, omu 0.05 hivi. Ukiwasha kitaa cha LED kwa miliampia 10 unapoteza volti 0.2, si neno. Sasa jaribu kupitisha ampia 2 za kuchajia simu: hesabu inadai volti 40 zipotee njiani! Mstari utaungua kabla. Kazi zake ni antena, sensa za mguso, na kujaribu mchoro kabla ya kuagiza bodi.

"Ukiipinda tu, imekufa."

Kupinda taratibu inavumilia. Mkunjo wa kupigwa kucha ndio unaopasua mstari. Udhaifu mkubwa uko kwenye viungo. Huwezi kuchomelea kwa risasi (solda), kwani joto la pasi ya kuchomelea huharibu karatasi na risasi iliyoyeyuka huila fedha. Vifaa hubandikwa kwa gundi au utepe unaopitisha umeme. Karatasi inapinda, chipu haipindi, utepe unaachia pembeni. Kitaa kikianza kupepesa, bonyeza kwanza chipu kwa kidole kabla hujaulaumu wino.