Prius au Aqua ikichemsha: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Haya yanahusu Toyota Prius ya kizazi cha tatu (2009 hadi 2015) na Aqua ya kwanza, haibridi (injini ya petroli pamoja na mota za umeme) zilizojaa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mengi sasa yamefikia umri wa pampu ya maji kufa, na bado watu wanayatibu kama Corolla ya zamani.

“Pampu ya maji ni moja tu.”

Ziko mbili, na zote ni za umeme. Moja inazungusha kulanti (maji ya kupozea) ya injini, nyingine ya inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) na ya mota zilizo ndani ya giaboksi. Kila mzunguko una kopo lake la akiba na kulanti zake hazichanganyiki. Betri kubwa haimo humo kabisa: hupozwa na feni inayovuta hewa kando ya kiti cha nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, piga mashine ya uchunguzi usome kodi za hitilafu. P0A93 ni upozaji wa inverta. P261B na P148F ni upande wa injini. Hii P148F inawapotosha wengi: kompyuta inalalamika kwamba pampu inazunguka kasi kupita kiasi, na mara nyingi ni kwa sababu inazungusha hewa badala ya kulanti. Kagua kiwango na uvujaji kwanza.

Pampu ya inverta inapimwa kwa macho. Gari likiwa la baridi, fungua kifuniko cha kopo la inverta, kanyaga breki, washa hadi taa ya READY, kisha tazama ndani. Kulanti inatakiwa itibuke na kujizungusha. Ikitulia kama maji ya kwenye glasi, pima umeme kwenye plagi ya pampu. Umeme ukifika na kulanti imetulia vilevile, pampu imekwisha. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.

“Kaza mkanda.”

Mkanda haupo. Pampu ya injini inaweza kufa kimyakimya, bila mlio na bila tone chini ya gari. Weka hita kwenye joto la mwisho: injini ikiwa ya moto huku hita inatoa hewa baridi, kulanti haizunguki au hewa imejaa ndani.

“Mshale wa joto haujapanda.”

Mshale pia haupo. Ipo taa nyekundu, nayo inawaka mambo yakiwa yameshaharibika. Chomeka kisomaji kidogo cha OBD (soketi ya uchunguzi ya gari) na usome joto la kulanti kwenye simu. Kawaida ni nyuzi 85 hadi 95 hivi. Likivuka 105 na bado linapanda, paki, zima, subiri lipoe. Kifuniko cha kulanti usikiguse.

“Toa thamostati, kwetu ni joto.”

Huu ndio ushauri unaoharibu mahaibridi mengi kuliko yote. Thamostati, vali inayoachia kulanti ipite kwenye rejeta, hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini haifikii joto lake, na haibridi haikubali kuzima injini ambayo haijapata joto. Itanguruma hata kwenye foleni, mafuta yatakwenda, taa ya injini itawaka kwa P0128. Na kama tatizo lilikuwa pampu, litabaki palepale.

“Ongeza maji ya bomba.”

Chumvi yake inajenga ukoko kwenye njia nyembamba za inverta. Kulanti ya Toyota ya waridi imeshachanganywa kiwandani, usiizimue.

“Pampu mpya nayo imechemsha, basi ni feki.”

Huenda hewa haikutolewa. Tatizo ni kwamba injini ya haibridi hujizima kabla thamostati haijafunguka, kwa hiyo kwenye Prius iweke kwanza katika hali ya matengenezo. Bonyeza pawa mara mbili bila breki. Ndani ya sekunde 60 kanyaga mafuta hadi mwisho mara mbili kwenye P, mara mbili kwenye N, mara mbili tena kwenye P. Kisha kanyaga breki na uwashe. Injini itabaki inanguruma. Hita iwe juu kabisa; subiri hosi ya chini ya rejeta ipate moto, zima, acha ipoe, jaza, rudia mpaka kiwango kisishuke tena.

Kikiendelea kushuka na hakuna panapovuja, na asubuhi injini inatetemeka vibaya sekunde chache za mwanzo, hapo shuku gasketi ya hedi. Kwenye injini ya Prius hii, 2ZR-FXE, kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) huziba masizi, na mafundi wengi wanaihusisha hali hiyo na gasketi kuungua. Omba kipimo cha dawa ya buluu juu ya kulanti: ikigeuka njano, moshi wa injini unaingia kwenye maji, na pampu nyingine mpya haitasaidia.